Foleni ya Tunduma Huanzia Baharini: Chuo cha Bahari Dar es Salaam Kikielekea Miaka 50

Mvua inayonyesha upande wetu huu wa nchi, mkoani Songwe, haiendi mahali pamoja. Inayoangukia milima ya Ileje hushuka na mto Songwe wa mpakani hadi Ziwa Nyasa, ikatoka huko kwa mto Shire, ikaungana na Zambezi na kumwagika Bahari ya Hindi, pwani ya Msumbiji. Inayoangukia mabonde ya Momba huchukuliwa na mto Momba hadi Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mlango wa kutokea, na safari yake huishia hapo kwa kukaushwa na jua. Ukivuka mpaka na kusogea ndani ya Zambia unakutana na mto Chambeshi, chimbuko la mbali la mto Kongo; maji yake yataionja chumvi ya Atlantiki, upande wa pili kabisa wa bara.

Naanza na maji ili nisiulizwe mtu wa Tunduma anatafuta nini kwenye habari za chuo cha mabaharia. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900 za lami. Watoto wengi wa Mbozi na Momba humaliza shule bila kuiona bahari kwa macho. Hata hivyo tunaishi kwayo. Malori yanayopanga foleni mpakani, yakisubiri kuvuka kwenda Nakonde upande wa Zambia, yamebeba vitu vilivyoshushwa melini Dar es Salaam. Yanayoteremka yamebeba shaba itakayopakiwa melini palepale. Mama lishe, wakala wa forodha, fundi wa matairi, mwenye nyumba ya wageni, mbadilisha fedha: wote hawa hula kwa sababu meli imeingia bandarini salama. Na meli haiingii bandarini yenyewe. Inaletwa na maafisa wa sitaha na wahandisi wa chumba cha injini, watu ambao mji wetu hauwajui hata kwa sura.

Nchini mwetu watu hao hufundishwa katika Chuo cha Bahari Dar es Salaam, ambacho wengi hukiita DMI. Mwaka 2028 kitatimiza miaka 50 tangu mafunzo yake yaanze. Naandika mapema, tena kutoka Songwe, kwa sababu naamini chuo hiki ni chetu pia, na hatujakidai.

Kuzaliwa kwake hakuwezi kuelezwa bila kurudi nyuma kidogo. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi tarehe 11 Novemba 1965, njia ya kusini ya Zambia kwenda baharini iliingia mashakani. Zambia ikageukia kaskazini, yaani ikatugeukia sisi. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilikamilika mwaka 1968. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilijengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 1976, na Tunduma ikawa mahali treni inapovukia mpaka. Mambo hayo tumesimuliwa na wazee wetu. Kinachotajwa mara chache ni kwamba mwaka 1966 Kenya, Uganda na Tanzania zilianzisha shirika la pamoja la meli za baharini, na Zambia, nchi isiyo na pwani, ikawa mwanachama wake. Viongozi wa wakati ule walilielewa jambo moja vizuri sana: ukiwa na reli na barabara bila kuwa na meli wala mabaharia, umejenga nusu ya njia, na nusu nyingine imebaki mikononi mwa wengine.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mali ziligawanywa, mashirika ya pamoja yakakatwa vipande, na kila nchi ikajikuta inatakiwa kuendesha peke yake kazi zilizokuwa zikifanywa kwa pamoja. Bandari zilikuwa chini ya shirika la Jumuiya. Tanzania ikaunda mamlaka yake ya bandari mwaka huohuo. Utafiti wa bahari ulikuwa chini ya taasisi ya Afrika Mashariki yenye makao Unguja, ambayo katika miaka ya 1950 ilikuwa ikipima joto na chumvi ya maji na kuchunguza samaki wa pwani yetu. Mwaka 1978 kazi hiyo ikashikwa na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hukohuko Unguja. Kenya ikaunda taasisi yake ya utafiti Mombasa mwaka 1979. Katika mwaka huo wa 1978, Dar es Salaam, kikaanzishwa kitengo cha mafunzo ya ubaharia. Hicho ndicho DMI ya leo.

Tuutazame mwaka huo kwa makini. Tarehe 7 Julai 1978, mjini London, mataifa yalipitisha mkataba wa kimataifa wa viwango vya mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia. Kabla ya hapo kila nchi ilimpima nahodha wake kwa kipimo chake. Baada ya hapo, cheti cha afisa kikawa na thamani tu pale kinapolingana na kipimo cha wote. Na kabla mwaka haujaisha, majeshi ya Idi Amin yalikuwa yamevamia Kagera, na kila senti ya nchi ikaanza kuelekezwa vitani. Kitengo kidogo cha mafunzo kilichozaliwa katika mazingira hayo, bila Jumuiya ya kukilea, huku sheria za dunia zikizidi kukaza, kingeweza kufa kimyakimya. Hakikufa. Naona hilo ndilo jambo la kwanza la kuadhimishwa.

Mwaka 1991 Bunge lilitunga sheria iliyokifanya kitengo kuwa chuo kamili chenye jina lake na bodi yake. Miaka minne baadaye mkataba wa London ulirekebishwa kwa kina: sasa haikutosha baharia kukaa darasani na kufaulu mtihani wa maandishi, ilibidi aonyeshe kwa vitendo kwamba anaweza kuzima moto, kugeuza chelezo lililopinduka, kuita msaada kwa redio na kushika zamu. Marekebisho mengine makubwa yalifanyika Manila mwaka 2010. Kila mara vyuo vya nchi maskini vimelazimika kununua vifaa vipya, kuandika upya mitaala na kupeleka walimu masomoni, wengine hadi Chuo Kikuu cha Bahari cha Dunia kilichofunguliwa Malmö, Sweden, mwaka 1983. Kubaki ndani ya kipimo hicho ni kazi isiyoisha, na ni kazi isiyopigiwa makofi.

Afisa wa meli hufundishwa nini hasa? Mtu wa Tunduma anaweza kujifunza nusu ya jibu akiwa amesimama tu kando ya barabara kuu.

Tazama lori la shaba linalotoka Zambia au Katanga. Juu ya tela unaona mabamba machache tu, mtu asiyejua anadhani dereva amepewa mzigo pungufu. Piga hesabu: tani 25 za shaba tupu hazijazi hata meta 3 za ujazo, ilhali kontena la futi 20 lina nafasi ya meta za ujazo 33 hivi. Uzito umekwisha kabla ya nafasi. Shaba hiyo ikirundikwa chini kabisa ya meli, kituo cha uzito cha chombo chote kinashuka mno. Mtu wa bara atasema, si ndiyo vizuri, chombo kimetulia? Hapana. Meli ya namna hiyo hujirudisha kwa nguvu kila wimbi linapoilaza, ikiyumba kwa mishtuko mifupi mikali hadi minyororo ya shehena inakatika na mabaharia wanarushwa vitandani. Ukiupandisha uzito juu mno, kosa linakuwa kinyume chake: meli hulala upande polepole, husita, na siku moja haiinuki tena. Kati ya hatari hizo mbili kuna kipimo ambacho wahandisi hukiita kimo cha metasenta, na afisa hukikokotoa kabla kamba ya mwisho haijafunguliwa gatini.

Tazama sasa lori la kahawa ya Mbozi likiteremka kwenda pwani. Kahawa ni zao linalopumua. Hunyonya unyevu wa hewa na kuuachia. Ikipakiwa kwenye joto la Dar es Salaam na meli ikaelekea Ulaya wakati wa baridi, chuma cha nje kinapoa haraka kuliko mzigo. Mvuke unaotoka kwenye kahawa unagota kwenye chuma, unageuka matone, na matone yanarudi kunyesha juu ya magunia. Mkulima aliyechuma punje nyekundu tu, akaosha na kuanika mezani kwa uangalifu, anapoteza daraja la kahawa yake kwa mvua iliyonyesha ndani ya falka ya meli. Kwa hiyo afisa hujifunza kulinganisha nukta ya umande ya hewa ya nje na ile ya ndani ili ajue lini afungue njia za hewa na lini azifunge. Hujifunza pia kontena la kahawa liwekwe sehemu gani ya meli na ndani litandikwe nini. Elimu hiyo ya fizikia inalinda jasho la Igamba na Itaka, na wakulima wa huko hawajawahi kuambiwa.

La tatu ni salfa, ile shehena ya njano inayopanda kwenda kwenye migodi ya shaba, kutengenezewa asidi ya kuyeyushia madini. Vumbi lake linaweza kushika moto. Ikilowa, inakula chuma. Salfa nyingi inayouzwa duniani ni zao la visafishio vya mafuta na gesi. Tangu tarehe 1 Januari 2020 meli zenyewe haziruhusiwi kuchoma mafuta yenye salfa zaidi ya asilimia 0.5, kutoka asilimia 3.5 ya awali, isipokuwa ziwe na mitambo ya kuosha moshi. Mhandisi wa meli wa kizazi hiki amelazimika kuijua salfa kwa pande zote mbili, kwenye falka na kwenye tangi la mafuta.

Chini ya sitaha ndiko kwenye nusu nyingine ya elimu, na mimi naiheshimu zaidi kwa sababu hufanyika mahali pasipoonekana. Injini kuu ya meli kubwa ya shehena huzunguka taratibu, takriban mizunguko 100 kwa dakika au pungufu, ikiwa imeungwa moja kwa moja na rafadha. Mafuta mazito inayotumia hayawezi hata kumiminika vizuri yakiwa baridi. Lazima yachemshwe kupita nyuzi 100 kabla ya kupulizwa ndani ya silinda. Joto la injini huondolewa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na maji hayo nayo hupozwa na maji ya bahari yanayopita pembeni yake bila kuchanganyika. Bomba likitoboka, chumvi ikaingia mahali pasipo pake, kutu inaanza kazi usiku huohuo. Mhandisi anajifunza kufunga vipande vya zinki mwilini mwa meli ili bahari ile zinki kwanza na kuacha chuma. Anajifunza jenereta, usukani, pampu za maji ya ngama, mabomba ya moto. Umeme ukizimika katikati ya bahari hakuna fundi wa kumpigia simu.

Elimu ya bahari yenyewe mababu wa pwani walikuwa nayo kabla ya chuo chochote. Walijua kaskazi inavuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, kusi inashika baada ya masika, na majahazi ya Oman na India yalipanga mwaka mzima kwa pepo hizo mbili. Walijua bamvua na maji mafu. Wanasayansi wa Unguja waliongeza vipimo: mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, hupata nguvu wakati wa kusi na kulegea wakati wa kaskazi. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia meta 4. Kwa nahodha anayeingiza meli ndefu kwenye mlango mwembamba wa bandari ya Dar es Salaam, meta hizo si jambo dogo. Magati namba 1 hadi 7 yamechimbwa hadi kina cha meta 14.5 katika mradi mkubwa wa miaka ya karibuni, lakini kina hakijamwondolea nahodha wajibu wa kusoma jedwali la maji.

Kisiwani Unguja sayansi ya bahari imegusa hata jiko la mwanamke wa kijijini. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichunguza mwani wa pwani yetu miaka mingi kabla ya kilimo chake kuanza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989. Maji yalipozidi kupata joto na mwani wa thamani kuanza kufa, Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari alifanya kazi na wakulima hao, wengi wao wanawake, kutafuta namna ya kulima kwenye kina zaidi.

Wapo watakaosema hayo yote ni ya pwani. Nawajibu kwa kuwataja marehemu wetu wa maji baridi. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza, mamia ya abiria wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na Ukara na kuua zaidi ya watu 200. Fundi wa mitambo yake alitolewa hai baada ya siku mbili ndani ya chombo kilicholala chali. Kati ya ajali hizo mbili, bahari nayo ilichukua watu wa MV Spice Islander, Septemba 2011, mkondo wa Nungwi. Hesabu ya uzito na kituo chake, ileile ya mabamba ya shaba, ndiyo iliyopuuzwa. Mkoa wetu una ufukwe wa Ziwa Rukwa, ambako wavuvi huondoka na mitumbwi alfajiri. Jirani zetu wa Kyela wana Ziwa Nyasa lenye dhoruba zinazojulikana. Ujuzi wa afisa wa meli si anasa ya watu wa Kigamboni.

Kuna jambo linaloniuma katika historia hii na sitalipita. Chuo kinaweza kumfundisha kijana kila kitu isipokuwa bahari. Mkataba wa kimataifa unamtaka afisa wa sitaha awe ametumikia melini miezi isiyopungua 12 ndani ya mafunzo yaliyoidhinishwa, akijaza kitabu cha kumbukumbu kwa saini za wakubwa wake. Asiye na mafunzo hayo atalazimika kutumikia miezi 36. Mhandisi naye anatakiwa miezi 12 ya karakana na melini kwa pamoja, isiyopungua 6 ikiwa kwenye chumba cha injini. Nchi yenye meli nyingi huwapandisha kadeti wake kwenye meli zake. Sisi shirika letu la pamoja la meli lilikufa baada ya Jumuiya kuvunjika, na meli zinazopeperusha bendera yetu zikiwa na nafasi ya kadeti wetu ni chache mno. Kijana anamaliza darasa akiwa na akili timamu na mikono iliyo tayari, kisha anakaa nyumbani akisubiri meli itakayompokea. Anazeeka akisubiri. Hilo ni deni la nchi, tena ni deni linalolipika. Kila meli inayoshusha shehena Dar es Salaam inachuma kwenye njia yetu. Wakala wake akikubali kuchukua kadeti wawili kwa mwaka, na serikali ikalifanya hilo kuwa sharti la heshima baina yake na wenye meli wanaotumia bandari, foleni ya vijana wanaosubiri itapungua kwa kasi kuliko foleni yetu ya malori.

Nchi hii imeshaona mtu wa bara akisimama mbele ya dunia kwa jina la bahari. Jaji Joseph Warioba, mzaliwa wa Bunda, mkoa wa Mara, aliongoza tume ya maandalizi iliyofuata Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, kisha akawa miongoni mwa majaji wa kwanza wa mahakama ya kimataifa ya bahari huko Hamburg mwaka 1996. Hakuzaliwa akisikia mawimbi ya Bahari ya Hindi.

Kwa hiyo neno langu nalipeleka kwa walimu wa fizikia na hisabati wa Vwawa, Mlowo, Itumba na Tunduma, na kwa wazazi. Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016, bado mchanga, na watoto wake wanachagua kazi kwa kutazama zile wanazoziona: udereva, uwakala, duka, shamba. Wachukueni siku moja mkasimame nao kando ya foleni. Waonyesheni lori la shaba, muwaulize kwa nini tela halijajaa. Atakayeng'ang'ania kupata jibu, msimzuie kwenda Dar es Salaam kwa hofu ya maji. Msaidieni kujaza fomu ya chuo, na mwaka 2028 kinapotimiza miaka 50, awepo darasani mtoto wa Momba.